Seva ya Mtumba Kuwa Stoo ya Data Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Waliojaribu Wakakwama

Nimeulizwa maswali yaleyale mara nyingi mpaka nimeona niandike yote sehemu moja. "Nimenunua seva, nimechomeka diski, hazionekani." "Zinaonekana ila ukubwa unasoma sifuri." "Imewaka vizuri ila kelele zake hakuna anayelala." Ukimuuliza mtu alianzaje, unakuta karibu wote waliruka vitu vilevile: kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja) hawakuigusa, diski hawakuzipima, wakamwaga picha na mafaili yote humo, ndo baadae wanatafuta msaada.

Shika hili kabla hatujaanza. Seva ya ofisini imetengenezwa ifiche diski. Kadi ya RAID inakaa katikati kama pazia, inazifunga diski zote bunda moja, mfumo unaona bunda tu. Wewe nyumbani unataka kinyume chake, mfumo uione kila diski peke yake, kwa jina lake, na seriali yake, na afya yake. Kazi nyingi zilizoko hapa chini ni za kukufikisha hapo tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua hata skrubu moja

- Seva yenyewe (hatua ya 1 ndo ya kuichagua, usikimbilie)
- Kadi ya HBA (inayompa mfumo kila diski peke yake bila kuzifunga bunda) kama iliyomo haifai, mfano LSI 9211-8i au 9207-8i
- Kebo za SAS (aina ya muunganisho wa diski za seva) zinazoendana na kadi na seva yako
- Diski, pamoja na moja ya akiba. Ukipanga sita nunua saba
- SSD ndogo ya kuwekea mfumo, usiweke mfumo kwenye diski za data
- Flashi mbili: moja ya Linux inayobuti bila kuinstall, nyingine ya FAT32 ya kuflashia kadi, yaani kuiandikia upya fimuwea (programu yake ya ndani)
- Monita yenye VGA na kibodi ya USB, seva nyingi za umri huu hazina HDMI kabisa
- UPS (betri ya kushika mashine umeme ukikatika), hata ndogo
- Bisibisi za nyota T10 na T15, brashi laini, pesti ya CPU, betri ya CR2032, tepu ya Kapton (isiyopitisha umeme)
- Daftari na kalamu. Sitanii, utaandika seriali nyingi

## Hatua ya 1: Chagua seva kwa kufikiria masikio na umeme

Watu wanaanza na CPU. Kwa kazi ya kuhifadhi mafaili CPU ni kitu cha mwisho kuangalia, hata ile iliyodharauliwa kwenye tangazo itakutosha.

Anza na unene. Seva ya 1U (U ni kipimo cha unene wa seva) ina kimo cha sentimita 4.4 hivi, kwa hiyo feni zake ni za milimita 40, na feni ndogo hivo ili ipitishe hewa ya kutosha lazima izunguke kwa spidi kubwa sana, ndo inatoa ule mlio mwembamba unaopenya ukuta. Ya 2U ina nafuu. Ile ya kusimama kama kompyuta ya mezani, mfano Dell PowerEdge T320 au HP ML350, ndo nafuu zaidi kwa mtu anayeishi na wenzake. Kama huna chumba cha peke yake, 1U achana nayo hata ukipewa bure.

Alafu tundu za diski. Hapa wengi wanaingia choo cha kike. Dell R720xd iko ya tundu 12 za inchi 3.5 na iko ya tundu 24 za inchi 2.5, na jina ni lilelile. Diski za inchi 2.5 zenye ukubwa wa maana ni ghali kwa kila terabaiti, na nyingi za bei ya chini zinaandika kwa mtindo wa SMR (njia za data zinapandiana, kuandika upya kunakuwa taratibu) ambao ukiziweka kwenye ZFS (mfumo wa kuhifadhi mafaili tutakaoutumia hatua ya 8), siku ya kujenga upya diski iliyokufa utasubiri mpaka uchoke. Chukua inchi 3.5.

Kizazi nacho. Ukikuta seva ina kadi kama PERC 6/i au SAS 6/iR, au kadi yoyote ya chipu ya LSI 1068E, jua haiwezi kusoma diski zaidi ya TB 2 na ushee. Hamna fimuwea ya kurekebisha hilo.

Umeme piga hesabu mapema. Mashine inayokula wati 100 muda wote inamaliza yuniti 2.4 kwa siku, yaani 876 kwa mwaka. Seva ya CPU mbili ikiwa imekaa tu bila kazi inaweza kufika hapo kabla hujahesabu diski, na kila diski ya inchi 3.5 inaongeza wati 5 mpaka 8. Kama CPU ziko mbili unaweza kutoa moja, ila chek kwanza sloti za kadi na za RAM ambazo zinategemea hiyo ya pili, manake zitakufa nayo.

Jambo la mwisho, chukua futi kamba. Seva ya 2U ina urefu wa sentimita 70 na ushee kwenda nyuma, na ikijaa diski inaweza kufika kilo 30. Ile meza ya TV haitoshi.

## Hatua ya 2: Kagua kabla hela haijatoka

Seva yangu ya kwanza niliinunua kwa picha. Mbele ilionekana imejaa, tundu 12 zote zimezibwa vizuri. Ilipofika nikavuta ya kwanza, ikatoka trei ya chuma. Nikavuta ya saba, kikatoka kiplastiki kitupu cha kuzibia tundu vumbi lisiingie, kwa mbele kinafanana na trei kabisa. Sita zote zilikuwa hivo. Muuzaji hakunidanganya, mimi ndo sikuuliza. Trei zikinunuliwa mojamoja zinauma.

Kwa hiyo omba hivi:

- Picha ya trei zikiwa zimevutwa nje, na uhesabu.
- Picha ya ndani kifuniko kikiwa wazi. Angalia lile bomba la plastiki linalofunika CPU na RAM lipo. Likikosekana hewa inapita pembeni na feni zitapiga kelele muda wote.
- Picha ya stika ya RAM. Ukiona PC3L-12800R, hiyo R ya mwisho ni RAM yenye rejista. E ni ECC (inayorekebisha makosa) isiyo na rejista, U ni ya kawaida ya kompyuta za mezani. R na E hazikai pamoja kwenye bodi moja, mashine haiwaki.
- Picha ya skrini wakati inawaka, isiwe na paswedi ya BIOS iliyosahaulika.
- Jina kamili la kadi ya RAID. "Ina RAID" halitoshi.

Kama unaweza kufika mwenyewe, nenda na flashi ya Linux. Buti, kisha:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Ukiona sehemu ya MODEL imeandikwa "PERC H710" badala ya jina la diski, umeshaona lile pazia nililosema mwanzoni. Diski zipo nyuma yake. Unaweza kuchungulia kwa `smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda` alafu ubadilishe hiyo 0 kuwa 1, 2 na kuendelea.

Muuzaji akikwambia "nimeiwasha jana inafanya kazi" ila hataki kuiwasha mbele yako, rudi nyumbani na hela yako.

## Hatua ya 3: Iwashe ikiwa tupu

Imefika nyumbani, mikono inawasha, unataka kuchomeka kila kitu. Tulia.

Toa diski zote. Toa kadi zote zisizo za lazima. Puliza vumbi, ila shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Badilisha betri ya CR2032 tu bila hata kuipima. Pesti ya CPU ikiwa imekauka kama chokaa, futa uweke mpya.

Washa. Mara ya kwanza feni zitanguruma kama ndege inataka kupaa, hiyo ni kawaida, baada ya dakika mbili tatu zinapaswa kushuka. Zisiposhuka rudia kuangalia bomba la hewa na kifuniko.

Ingia kwenye iDRAC kama ni Dell au iLO kama ni HP (sehemu ya kusimamia seva ukiwa mbali), rudisha mipangilio ya kiwandani, badilisha paswedi. Dell za vizazi hivyo zinakuja na jina root na paswedi calvin, na dunia nzima inajua. Kisha sasisha fimuwea. Usije ukaifungulia intaneti hiyo anwani ya iDRAC au iLO hata siku moja, anayeingia hapo ana mashine yako kama vile amekaa mbele yake.

Umefaulu kama RAM yote inasomeka kwenye BIOS, kumbukumbu za iDRAC hazina mstari mpya mwekundu, na mashine imekaa imewaka usiku mzima bila kujizima.

## Hatua ya 4: Toa pazia, shughulikia kadi

Hii ndo hatua inayowaangusha wengi, tuiendee taratibu.

ZFS inataka kuongea na diski moja kwa moja. Inataka ijue maandishi yamefika kwenye sahani kweli, na diski ikianza kuumwa iambiwe mapema. Kadi ya RAID inajibu kwa niaba ya diski, ina kashe yake, inarudia kusoma yenyewe kimyakimya. Kuna ujanja utauona watu wanausambaza, eti fanya kila diski kuwa RAID 0 ya peke yake, zitaonekana zote. Ndio zitaonekana, ila pazia bado lipo, na kadi ikifa utajikuta unatafuta kadi ya aina ileile ndo diski zisomeke. Usifanye.

Angalia una ipi:

Kadi zenye modi ya HBA ndani yake. PERC H730 na HP P440ar zina hiyo chaguo, unaingia kwenye menyu ya kadi unageuza, imeisha. HBA330 haihitaji hata kugeuzwa. P420i ya HP inageuka pia lakini ikishageuka haikuruhusu kubuti kutoka diski zilizo nyuma yake, kwa hiyo SSD ya mfumo iwe kwenye mlango mwingine.

H310 Mini na H710 Mini za Dell. Zinaflashika, ila zina njia yake maalumu. Ukiichukulia kama 9211 ya kawaida ukaimwagia fimuwea hivihivi, ukiirudisha kwenye sloti yake seva inasimama na kukwambia kuna kadi isiyofaa kwenye sloti ya hifadhi, na haiendelei. Tumia maelekezo ya kadi hiyohiyo kwa herufi, Mini isichanganywe na ile kubwa.

LSI 9211-8i au ndugu zake wa chipu ya SAS2008. Hii naonyesha yote, manake ndo wengi wanayo.

Toa kebo zote za diski kwenye kadi. Mashine iwe kwenye UPS. Weka kwenye flashi ya FAT32 programu ya `sas2flash.efi` na faili la `2118it.bin`, toleo la 20.00.07.00. Hilo toleo la 20 lilipoanza lilikuwa na matatizo, kwa hiyo hakikisha mwisho ni 07.00. Buti kwenye sheli ya UEFI. Ukijaribu kwa DOS kwenye bodi nyingi za kisasa utapata "Failed to initialize PAL" na utadhani kadi imekufa, kumbe ni DOS tu.

1. `sas2flash.efi -listall`, uone kadi ipo na namba yake.
2. `sas2flash.efi -c 0 -list`, andika kwenye daftari ile SAS Address, herufi na tarakimu 16 zinazoanza na 500605b. Mara nyingi ipo pia kwenye stika nyuma ya kadi. Piga picha.
3. `sas2flash.efi -o -e 6`, hii inafuta.
4. `sas2flash.efi -o -f 2118it.bin`, hii inaandika.
5. `sas2flash.efi -o -sasadd 500605bxxxxxxxxx`, unarudisha anwani yako.

Kati ya namba 3 na 4 usizime, usiristati, usiguse waya. Kadi hapo haina akili kabisa. Umeme ukikatika hapo katikati unaweza kubaki na kadi ambayo bodi haiioni, ndo maana UPS ipo kwenye orodha ya juu na sio kwenye ya kutamani.

Utaona wengine wanaongeza faili la ROM ya kubuti. Mimi siweki, mashine inawaka haraka zaidi, na sibuti kutoka diski hizo hata hivyo.

Rudia `-list`. Umefaulu ukiona Firmware Product ID inaishia na (IT), yaani fimuwea inayopitisha diski mojamoja bila RAID. Ikiwa bado (IR), ile ya RAID, rudi namba 3.

### Ukiweka kadi kwenye kompyuta ya kawaida

Kadi hizi zilizoea upepo wa seva. Ndani ya kesi ya kawaida lile bati la kupoozea linaungua mpaka huwezi kushika, na dalili yake ni ya ajabu, diski zinapotea mbili tatu kwa pamoja ukiwa unakopi mafaili makubwa, ukiristati zinarudi. Funga feni ya milimita 40 juu ya bati kwa vifungo vya plastiki. Na kadi ya PERC ikizuia kompyuta kuwaka kabisa, ziba pini B5 na B6 za kadi kwa kipande kidogo cha tepu ya Kapton.

Kebo ya kutoka kadi kwenda diski nne za SATA, na kebo ya kutoka bodi yenye milango minne ya SATA kwenda kwenye ubao wa seva, kwa macho ni kitu kimoja. Sio. Ndani nyaya zimepangwa kinyume. Ukikosea hamna kitakachoungua, ila hamna diski itakayoonekana, na utaanza kulaumu kadi uliyoflashi vizuri.

## Hatua ya 5: Zijue diski zako kabla hujazichomeka

Geuza diski uangalie mdomo wake. SATA ina pengo kati ya sehemu ya data na sehemu ya umeme. SAS hilo pengo limezibwa, plastiki inaenda moja kwa moja. Diski ya SATA inaingia kwenye mlango wa SAS na kufanya kazi. Ya SAS haingii kwenye SATA, usilazimishe. Ukisoma namba za modeli kuwa makini, ST4000NM0033 ni SATA na ST4000NM0023 ni SAS, tofauti ni tarakimu moja.

### Diski inaonekana ila ukubwa ni sifuri

Niliwahi kununua nane za SAS kwa pamoja, zote zikasoma sifuri, nikalala na hasira nikijua nimepigwa. Asubuhi nikaandika `dmesg` nikakuta mstari huu:

`[sdc] Unsupported sector size 520.`

Diski zilikuwa nzima. Makabati makubwa ya kuhifadhia data yanatumia sekta za baiti 520, zile 8 za ziada ni za kukagulia makosa, na Linux haitaki kuziona. Dawa yake:

`sg_format --format --size=512 --fmtpinfo=0 /dev/sg3`

Namba ya sg unaipata kwa `lsscsi -g`. Angalia mara tatu, amri hii inafuta kila kitu, na itakuhesabia sekunde 15 za kughairi kabla haijaanza. Diski ya TB 4 inachukua masaa mengi, iache. Ikikatizwa katikati itaanza kulalamika kuwa fomati imeharibika, usiitupe, irudie tangu mwanzo. Unaweza kufomati zote nane kwa wakati mmoja, kila moja inafanya kazi yake ndani kwa ndani.

### Diski ya SATA haizunguki kabisa

Ukiichomeka kwenye pawa saplai ya kawaida, ikakaa kimya kama jiwe, na wewe unajua ni nzima, shida inaweza kuwa ni pini ya 3 ya umeme. Diski mpyampya zinaitumia kama swichi ya kuzima, pawa saplai za zamani zinapeleka volti 3.3 hapo muda wote, basi diski inajiona imeambiwa isiwake. Ziba pini hiyo kwa Kapton, unahesabu kuanzia upande wa data. Zile adapta za kugeuza Molex kuwa SATA ambazo plastiki yake imemwagwa kama nta usitumie, zinajulikana kwa kuyeyuka na kushika moto.

## Hatua ya 6: Tesa diski kabla hujaziamini

Diski ya mtumba ina historia, na muuzaji hakuambii yote. Anza na kusoma SMART, kumbukumbu za afya ambazo diski inajiandikia:

`smartctl -a /dev/sdb`

Hii ni moja ya diski zangu, nimebakiza mistari ya maana:

```
  5 Reallocated_Sector_Ct     0
  9 Power_On_Hours        41873
197 Current_Pending_Sector    0
198 Offline_Uncorrectable     0
199 UDMA_CRC_Error_Count    212
```

Masaa 41,873 gawa kwa 8,760, unapata miaka minne na miezi tisa hivi ya kuzunguka bila kulala. Inatisha lakini bado ninayo, kwa sababu 5, 197 na 198, zinazohesabu sehemu mbovu za diski, ziko sifuri. Ile 212 ya chini watu wanaiogopa bure, hayo ni makosa ya kwenye waya, diski haihusiki. Haifutiki, kwa hiyo unachoangalia ni kama inaongezeka. Ikiongezeka badilisha kebo.

Kwangu mimi 197 au 198 ikiwa hata moja, diski inarudi kwa muuzaji. Za SAS hazina jedwali hili, tafuta mstari wa "Elements in grown defect list", ukitaka usiku mwema uwe sifuri.

Masaa yanaweza kurudishwa nyuma na wajanja. Kwa Seagate jaribu `smartctl -l farm /dev/sdb`, ina kumbukumbu zake za ndani, ukikuta kule masaa elfu arobaini na huku masaa kumi, jibu unalo.

Sasa mateso yenyewe, kwa mpangilio huu: `smartctl -t long`, kisha badblocks (programu ya kupima kila sehemu ya diski), kisha `-t long` tena.

`badblocks -b 4096 -wsv -o sdb.txt /dev/sdb`

Inafuta kila kitu. Inaandika diski nzima na kuisoma nzima, mara nne kwa mifumo minne tofauti, yaani mizunguko minane. Kwa diski ya TB 4 inayokimbia wastani wa MB 150 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni masaa saba na nusu, jumla siku mbili na nusu. Anzisha ndani ya `tmux` ili ukifunga laptop kazi isife. Diski zaidi ya TB 17 weka `-b 8192`, vinginevyo inagoma kuanza.

Najua utatamani kuruka hapa, kila mtu anatamani, siku mbili na nusu za kuangalia asilimia zikipanda ukiwa na seva mpya mezani sio mchezo. Lakini kwenye zile nane zangu moja ilifia mzunguko wa tatu, bado iko ndani ya muda wa kurudishwa. Ingekuwa na data zangu ningeimba wimbo mwingine.

Umefaulu ukiona `0 bad blocks found. (0/0/0 errors)` na SMART ya baada inafanana na ya kabla, ukiacha masaa. Andika seriali ya kila iliyopita kwenye kipande cha karatasi, ubandike mbele ya trei yake. Utanishukuru hatua ya 9.

## Hatua ya 7: Punguza kelele bila kuikaanga

Kwa Dell za kizazi cha 11 mpaka 13 (R710, R720, R730) unaweza kushika feni mwenyewe kwa ipmitool, programu ya kuongea na iDRAC:

`ipmitool raw 0x30 0x30 0x01 0x00`
`ipmitool raw 0x30 0x30 0x02 0xff 0x14`

Ya kwanza inakupa usukani, ya pili inaweka asilimia 20, manake 0x14 ni 20. Ukitaka 30 andika 0x1e. Kurudisha kwa mashine ni `0x30 0x30 0x01 0x01`. Kizazi cha 14 wenye iDRAC mpya walifunga hii njia.

Hatari yake ni hii: ukishika usukani, mashine ikipata joto feni hazipandi zenyewe. Kwa hiyo weka skripti fupi inayosoma joto kila dakika, likivuka kiwango chako inarudisha usukani kwa mashine. Na iwe inaanza yenyewe mashine ikiwaka, manake iDRAC ikiristati inasahau.

Kama kelele zilianza ulipoweka kadi isiyo ya Dell, hapo seva imeogopa mgeni. Kwa kizazi cha 12 na 13 mwambie asiogope:

`ipmitool raw 0x30 0xce 0x00 0x16 0x05 0x00 0x00 0x00 0x05 0x00 0x01 0x00 0x00`

Kubadilisha feni zenyewe kuweka za kimya mimi siungi mkono kwenye 2U. Plagi zake ni za peke yake, na feni ya kimya haina nguvu ya kuvuta hewa katikati ya diski 12 zilizobanana. Fanya jaribio, kopi mafaili masaa mawili uangalie joto. Diski zangu sitaki zivuke nyuzi 45.

## Hatua ya 8: Unda stoo

Hapa ni kufupi, kazi ngumu umeshaimaliza. Install TrueNAS au OpenMediaVault au Linux unayoijua kwenye ile SSD. RAM iwe angalau GB 8, na dedup (kuunganisha data zinazojirudia) usiiwashe.

Diski mbili tumia mirror, kila moja inakuwa nakala ya mwenzake. Diski sita tumia RAIDZ2, hata mbili zikifa kwa pamoja data ipo. Za TB 4 sita zinakupa TB 16, ambazo mfumo utaziita 14.5 hivi, usidhani umeibiwa. RAIDZ1, inayovumilia diski moja tu kufa, kwa diski za mtumba sikushauri, zimezeeka pamoja na zina tabia ya kufa zikifuatana.

`zpool create -o ashift=12 stoo raidz2 /dev/disk/by-id/wwn-...` na kuendelea.

Tumia njia ya by-id, majina ya sdb na sdc yanabadilika ukiristati. Panga scrub (kusoma data zote kukagua makosa) kila mwezi na uweke barua pepe ya kukutahadharisha, kisha ujitumie barua ya majaribio uone inafika.

## Hatua ya 9: Iue diski moja makusudi

Kabla ya kuweka kitu cha maana, weka mafaili ya hovyo GB 100, alafu mashine ikiwa inafanya kazi vuta trei moja nje. Ndio, vuta.

`zpool status` inatakiwa iseme DEGRADED, ikuonyeshe ni diski ipi, na barua pepe ikufikie. Linganisha jina hilo na karatasi uliyobandika mbele ya trei. Kama havifanani, ni bora umejua leo, manake siku ya msiba wa kweli ungevuta diski nzima ukaiacha mbovu ndani.

Futa diski uliyoitoa, ama chukua ile ya saba ya akiba, chomeka, tumia `zpool replace`, subiri resilver (kujaza data upya kwenye diski uliyoingiza) iishe. Ikirudi ONLINE na errors inasoma "No known data errors", fungua mafaili kadhaa yale ya hovyo uone yanafunguka.

Kisha chukua diski ya nje, kopi vile usivyoweza kuvipata tena, iweke nyumba nyingine. RAIDZ2 haikuokoi ukifuta folda mwenyewe saa nane usiku. Ukishamaliza hiyo kopi ndo uhamishe picha za familia.